Milimita Moja Chini ya Jicho

Mwanamke wa Tanga anaweza kutoka kwake Ngamiani akiwa amevaa buibui na nikabu, akapita Barabara ya Kumi na Mbili mpaka Soko la Mgandini, na njia nzima akawa anaamkiwa kwa jina. Watoto wanampa shikamoo, muuza samaki anamwita shemeji, mashoga zake wanamsimamisha wamuulize habari za harusi ya Jumamosi. Kilichoonekana ni macho yake tu, na yametosha. Huku pwani, kuanzia Moa mpakani hadi Pangani, macho yanabeba kazi ambayo kwingine hugawanywa baina ya midomo, mashavu na nywele. Ndiyo maana wanja hupakwa kwa uangalifu ule, na ndiyo maana somo anapomfunda mwari hakosi kumfundisha namna ya kutazama na namna ya kurembua.

Basi mwenye vifuko chini ya macho hupata tabu yake. Kila asubuhi anaulizwa: hukulala? Umelia? Kuna msiba? Figo umepima? Naye amelala vizuri, hana msiba, na figo zake ni nzima. Vifuko amevirithi. Baba yake anavyo, shangazi anavyo, hata babu kwenye picha iliyoning'inia sebuleni anavyo. Akikaribia miaka arobaini vinazidi kujitokeza, na maswali nayo yanazidi.

Zamani mtu huyu alivumilia. Leo simu inamwonyesha nyuso za kabla na baada ya upasuaji, vifuko vimetoweka, ngozi imenyooka. Wenye uwezo walikuwa wakienda India, Uturuki au Dubai. Wengine wakisaidiwa na ndugu walioko Maskati. Mwaka 2023 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilitangaza kuanza huduma za upasuaji wa urembo, kwa hiyo jambo lililokuwa la safari za ndege sasa linazungumzwa pia humu nchini. Sioni aibu yoyote kwa anayelitafuta. Mtu anayeulizwa kila siku kama amelia ana haki ya kutaka swali hilo liishe.

Ninacholalamikia ni jinsi madhara yake yanavyoelezwa. Katika mazungumzo ya kabla ya upasuaji, upofu hutajwa kwa sababu unatisha, maambukizi hutajwa kwa sababu lazima yatajwe, halafu yanayobaki hufungwa pamoja na kuitwa madhara madogo ya mwonekano. Kope kushuka kidogo. Jicho kuwa la duara. Kivuli kubaki. Rangi kubadilika. Kwa mtu ambaye macho ndiyo uso wake wa hadharani, hakuna hata moja katika hayo linalostahili kuitwa dogo.

Kope ya chini yenyewe ni kitu chembamba mno. Ngozi yake ni miongoni mwa ngozi nyembamba kabisa mwilini, haifiki hata milimita moja. Chini ya ngozi upo msuli wa mviringo unaofumba jicho, kisha utando unaozuia mafuta yasisogee mbele, kisha mafuta yenyewe, yaliyogawanyika katika vifuko vitatu: cha upande wa pua, cha kati na cha nje. Daktari Salvador Castañares wa Los Angeles ndiye aliyevieleza vifuko hivyo kwa kina mwaka 1951, na maelezo yake yaliwafundisha wapasuaji wengi wa karne iliyopita. Mafuta haya hayahusiani na unene wa mwili. Mtu mwembamba kama ufito anaweza kuwa nayo mengi, kwa sababu kazi yake ni kulikinga jicho ndani ya tundu lake. Umri ukilegeza ule utando, au ukiwa dhaifu tangu kuzaliwa, mafuta husogea mbele na kutuna.

Kope yote imeshikwa na kano mbili, moja kwenye kona ya pua na moja kwenye kona ya nje, kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa kati ya minazi miwili. Kamba ikiwa imekaza, ukiivuta na kuiachia inarudi palepale. Ikiwa imelegea, hata nguo moja mbichi inatosha kuivuta chini. Madhara mengi ya mwonekano yatokanayo na upasuaji huu yanarudi kwenye kamba hiyo: imekaza kiasi gani, na mpasuaji ameitwisha uzito gani.

Njia za kuyafikia mafuta ni mbili. Ya kwanza hupitia nje. Daktari hukata mstari mwembamba chini kidogo ya nywele za kope, huinua ngozi, pengine na msuli, kisha hutoa au kusogeza mafuta na kupunguza ngozi iliyozidi. Ya pili hupitia ndani, upande mwekundu unaogusa jicho, bila kuacha kovu lolote usoni. Hii ya ndani si mpya kama matangazo yanavyodai. Mfaransa Julien Bourguet aliieleza mwaka 1924. Njia ya ndani haigusi ngozi, kwa hiyo hupunguza hatari ya kope kuvutwa chini, lakini pia haiondoi ngozi iliyokunjamana. Mtu wa miaka thelathini na mitano mwenye mafuta tu huenda ikamfaa. Mwenye miaka sitini na ngozi iliyolegea huhitaji zaidi ya hapo, na hapo ndipo hatari inapoongezeka.

Kope ya chini iliyo sawa, mtu akitazama mbele, hugusa ukingo wa chini wa ile duara nyeusi ya jicho au huifunika kidogo sana. Weupe huonekana kulia na kushoto kwake, wala hauonekani chini. Sasa tuseme ngozi imekatwa zaidi ya inavyotakiwa, au kovu limejikunja ndani kwenye ule utando likaivuta kope. Kope inashuka milimita moja, pengine mbili, na mstari wa weupe unajitokeza chini ya duara nyeusi. Kwenye karatasi ya hospitali hiyo ni milimita moja. Usoni, mtu ameanza kukodoa. Anaonekana ameshtuka, au ana huzuni, au ana hasira, na hana hata moja ya hayo. Ameenda kupasuliwa ili watu waache kumuuliza kama amelia. Amerudi, na mashoga zake wanamuuliza: "Dada, mbona unanikodolea macho?"

Wakati mwingine ni kona ya nje ndiyo inayoshuka. Jicho lililokuwa refu kama lozi linakuwa fupi na la duara. Hili huwaumiza sana wapaka wanja, kwa kuwa mkia wa wanja huanzia kwenye kona hiyo, na kona ikishuka mkia haukai tena. Zaidi ya hapo kuna hali ambayo kope inabinuka nje kabisa, wekundu wa ndani ukaonekana, na machozi yakawa yanatiririka shavuni badala ya kuingia kwenye tundu lake dogo karibu na pua. Hapo tumeshatoka kwenye urembo tukaingia kwenye ugonjwa: jicho halifumbi vizuri usingizini, linakauka, linachoma kama lina mchanga, na kwenye upepo wa Raskazone jioni mtu hawezi kukaa.

Mafuta nayo yana kisa chake. Kwa miaka mingi wapasuaji waliyakata na kuyatupa. Vifuko viliisha kweli, mteja akafurahi, halafu miaka ikapita. Uso wa binadamu hupoteza mafuta kadiri unavyozeeka, na waliotolewa mengi mapema wakabaki na mashimo chini ya macho, mfupa wa tundu ukajichora, kivuli kikawa kirefu kuliko kifuko kilichoondolewa. Raul Loeb wa Brazili alichapisha mwaka 1981 njia ya kuyatelezesha mafuta yale na kuyalaza kwenye bonde lililo kati ya kope na shavu badala ya kuyatupa. Mmarekani Sam Hamra akaiendeleza fikra hiyo katika miaka ya 1990. Siku hizi madaktari wengi makini hutoa kidogo na kusogeza kinachobaki. Kwa hiyo ukimsikia mtu anajisifu kwamba "anasafisha mafuta yote", ondoka.

Ngozi nyeusi ina madhara yake ambayo vipeperushi vingi vilivyoandikwa kwa ajili ya Wazungu huyapita haraka. Ngozi yetu ikijeruhiwa hujibu kwa kuongeza rangi. Damu iliyovilia baada ya upasuaji huisha kwa wiki moja au mbili kwa watu wengi, lakini weusi unaobaki nyuma yake unaweza kukaa miezi, na kwa baadhi ya watu zaidi ya mwaka. Jua la pwani huuchochea, na bahari hulirudisha jua hilo usoni kwa mara ya pili. Aliyepasuliwa huambiwa avae miwani ya jua na kofia yenye ukingo mpana, na ninashauri wavuvi, wakulima wa mwani na mama wanaoanika dagaa waambiwe mapema kabisa, ili wajue kama maisha yao yanaruhusu wiki hizo za kujificha. Makovu yanayovimba, yale ya keloidi yanayowasumbua wengi masikioni na kifuani, hutokea mara chache sana kwenye kope, lakini mwenye historia yake lazima amwambie daktari.

Wengi wanaolalamikia "weusi chini ya macho" hawana mafuta yaliyotuna hata kidogo. Wana rangi tu, ya kurithi, au ya kusugua macho kwa mzio wa muda mrefu, au ya mkorogo. Mkorogo huung'arisha uso wote huku kope zikibaki nyeusi, tofauti ikaonekana zaidi, mtu akazidi kupaka. Upasuaji hauondoi rangi. Anayekatwa kwa ajili ya rangi atatoka chumbani na rangi ileile, pamoja na kovu. Tena krimu nyingi za mkorogo zina dawa za steroidi, na steroidi ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Watu wanaopoteza uoni kimyakimya kwa sababu ya kopo la krimu la sokoni wananitia uchungu kuliko wale waliopata kovu baya.

Wapo pia wenye uvimbe usiotokana na vifuko vitatu. Uvimbe ulio chini zaidi, juu ya mfupa wa shavu, unaojaa asubuhi na kupungua jioni, ni maji na ngozi iliyolegea kwa miaka ya jua. Kuchota mafuta ya kope hakuutoi. Mara nyingine huufanya uonekane zaidi, kwa kuwa sasa umebaki peke yake. Na macho yaliyovimba ghafla kwa mtoto au mtu mzima, hasa miguu nayo ikivimba, hupelekwa maabara kupima mkojo kabla ya kitu chochote, kwani inaweza kuwa figo. Macho yanayotoka nje yanaweza kuwa dalili ya tezi ya shingo. Mpasuaji anayekubali kukata bila kuuliza lolote kati ya haya hajatimiza hata nusu ya kazi yake.

Upasuaji wa kope wala si mgeni kwetu. Mpasuaji Al-Zahrawi wa Kordoba, aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika namna ya kutibu kope zilizolegea kwa kuchoma na kukata, na Mjerumani Karl Ferdinand von Graefe alieleza urekebishaji wa kope mwaka 1818. Nchini mwetu, maelfu ya watu wamepasuliwa kope bila kuwaza urembo hata siku moja. Ni wale wenye trakoma, vikope kama wengi wanavyouita, ugonjwa uliozoeleka zaidi bara, kwenye ukame na uhaba wa maji. Kovu la vikope huikunja kope, mara nyingi ya juu, na nywele zake zikawa zinasugua jicho mpaka linapofuka. Muuguzi au daktari hukata, huigeuza kope, huishona ikitazama nje. Kazi hiyo hufanyika zahanati, chini ya ganzi, na inaokoa uoni wa mama wa kijijini ambaye hana nauli ya kufika mkoani.

Nimeutaja upasuaji huo kwa sababu unatufundisha jambo. Utafiti mkubwa uliofanyika Lindi na Mtwara, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwafuatilia wagonjwa wa vikope kwa miaka miwili kulinganisha vifaa viwili vya kufanyia kazi hiyo. Watafiti hawakuhesabu tu ni nani nywele zake zimerudi kusugua jicho. Walipima pia umbo la ukingo wa kope: kama limenyooka, kama lina pindo, kama limeinuka sehemu moja kuliko nyingine. Yaani hata pale ambapo lengo ni kuzuia upofu, wataalamu wamekubali kwamba umbo la kope baada ya kisu ni matokeo yanayostahili kuandikwa. Ikiwa bibi wa miaka sabini wa Newala anapimiwa umbo la kope yake, kwa nini mteja anayelipa fedha zake mwenyewe aambiwe umbo ni jambo dogo?

Daktari mzuri hugundua hatari kabla ya kushika kisu. Huivuta kope mbele kwa vidole viwili. Ikiachana na jicho kwa zaidi ya milimita sita hadi nane, imelegea. Huivuta chini na kuiachia, akatazama kama inarudi yenyewe au inasubiri mtu apepese. Humtazama mgonjwa kwa upande, kuona kama jicho limetangulia mbele ya mfupa wa shavu, maana macho ya namna hiyo hayana kitu cha kuishikilia kope kwa chini. Akikuta kope imelegea, anatakiwa kuikaza kwenye kona ya nje katika upasuaji huohuo. Hupima machozi. Huuliza dawa: aspirini, dawa za kuzuia damu kuganda, na pia zile za asili na virutubisho vya kwenye vikopo, kwa sababu baadhi yake huongeza kuvuja damu. Huuliza presha na kisukari.

Naye mgonjwa aende na picha zake za zamani, hasa za studio, zile alizopigwa akiwa na miaka ishirini, akitazama mbele. Zitaonyesha macho yake yalivyokuwa kabla umri haujayagusa, na kama tangu ujana weupe ulikuwa ukionekana chini. Wako waliotaka macho ya mwigizaji fulani huku macho ya ujana wao yalikuwa ya namna nyingine kabisa, ya baba, ya shangazi, ya yule babu wa sebuleni. Nadhani ni vema mtu akae na picha hizo jioni nzima nyumbani kabla ya kuzipeleka kwa daktari. Akishafika, aulize kwa maneno ya wazi: kwa macho yangu haya, nafasi ya kope kushuka ni ipi? Ikishuka, nani atairekebisha, wapi, na kwa fedha za nani? Jibu liandikwe kwenye fomu ya ridhaa. Bima kwa kawaida haigusi upasuaji wa urembo, na marekebisho mara nyingi ni magumu kuliko kazi ya kwanza. Kama daktari yuko Tanzania Bara, jina lake liwe limesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na mgonjwa ana haki ya kulitafuta kabla hajalala kwenye kitanda.

Hatari ya upofu ipo, ingawa ni ndogo. Kiasi cha mgonjwa mmoja kati ya 2,000 hupata kuvuja damu nyuma ya jicho, na wanaopoteza uoni kabisa ni wachache zaidi ya hapo. Mara nyingi kuvuja huko hutokea ndani ya saa ishirini na nne za mwanzo. Dalili zake ni maumivu makali ya ghafla, jicho kuvimba na kukaza, na kuona giza. Hapo hakuna kusubiri asubuhi. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kilomita zipatazo 350. Mtu aliyepasuliwa asubuhi asipande basi la jioni ati akapumzikie kwa mama. Akae karibu na hospitali walau usiku ule, na awe na mtu wa kumtazama. Vivyo hivyo kwa anayevuka mpaka wa Horohoro kwenda kutibiwa Mombasa.

Kwa yule ambaye tayari amepasuliwa na kope imeshuka, wiki za mwanzo zisimvunje moyo. Uvimbe wenyewe huivuta kope, na nyingi hupanda zinapopona. Daktari humfundisha kuisukuma kope juu kwa kidole taratibu mara kadhaa kwa siku, humpa machozi ya dawa na mafuta ya kupaka jicho usiku, pengine huibandika kwa plasta laini. Limao, manjano, asali na wanja wa manga visikaribie mshono hata kama jirani anaapa kwamba vilimponya. Isipokuwa jicho liwe linaumia kwa kukauka, wataalamu wengi husubiri karibu miezi sita, kovu lilainike, ndipo waamue kurudia.

Kurudia huko ni kazi ya aliyebobea katika upasuaji wa kope, na hao ni wachache. Mtu wa Tanga huanzia kliniki ya macho ya Bombo, akapewa rufaa kwenda KCMC Moshi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayohudumia kanda ya kaskazini, au kwenda Muhimbili au CCBRT Dar es Salaam. Huko wanaweza kuikaza upya ile kano ya nje. Kovu likiwa limeivuta kope kutoka ndani, hulikata na kupachika kipande cha utando mgumu uliochukuliwa kwenye kaakaa la mdomo wa mgonjwa mwenyewe, kiwe nguzo. Kama ni ngozi iliyopungua, hukopa ngozi kwenye kope ya juu au nyuma ya sikio. Ngozi ya kope ya juu ndiyo inayofanana zaidi kwa wembamba na kwa rangi, kwa hiyo ikiwepo ya kutosha ndiyo huchukuliwa kwanza. Ya nyuma ya sikio hukaa nene kidogo, na kwa mtu mweusi huonekana kama kiraka kwa muda. Mgonjwa aoneshwe picha za waliopachikwa ngozi hiyo, wenye rangi kama yake, kabla hajakubali.